Mvua ya Uani

Siku ya tatu Majidi alipoyafunika matofali yake kwa maturubai, jua likiwaka bila aibu kama linavyowaka Tabora mwezi wa kumi, wenzake kule bondeni walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

"Jamani njooni muone! Majidi anayavisha matofali baibui!"

Aliyepaza sauti ni Yoramu, mfyatua tofali wa jirani, mtu ambaye tanuru lake lilikwisha kuungua wiki iliyopita, matofali ameshayauza, na sasa hakuwa na kazi ila kukaa juu ya rundo la mchanga na kuwachungulia wenzake. Majidi alitoa simu mfukoni akaitazama, na simu ikamwambia yale yale iliyomwambia jana na juzi: mvua kubwa inatarajiwa mtaani kwao Ng'ambo jioni hii. Akainua uso. Mbingu ilikuwa tupu, haina wingu hata la kufutia machozi.

Tofali bichi lina deko zake. Halitaki mvua, hilo kila mtu analijua, maana likinyeshewa linarudi kuwa tope. Lakini vile vile halitaki kufunikwa mchana kutwa. Ukilifunika linatoka jasho, halikauki, na tofali lisilokauka ukilitia motoni linapasuka. Kwa hiyo Majidi, kwa kuikimbia mvua ambayo haikuja, alikuwa amelitupa bure jua zuri kuliko yote ya mwaka. Na maturubai yenyewe ni ya kukodi, dukani kwa Jignesh.

Wala hayakuwa matofali ya kuuza. Nyumba ya urithi waliyokuwa wakiishi, pale pale Ng'ambo, ilikwisha kuuzwa, kwa sababu ndugu zake Majidi walioko Dar es Salaam walitaka chao, na mnunuzi aliwapa muda mpaka mwisho wa mwaka. Fungu la Majidi lilitosha kununua kiwanja, likaishia hapo. Matofali yale ndiyo yalikuwa nyumba: chumba cha Majidi na mkewe Zamda, chumba cha binti yao Shamimu akirudi kutoka shule ya bweni, na chumba cha Bi Najiat, mama yake Majidi. Yakiharibika, hawajengi tena mwaka huu. Watapanga chumba kimoja mahali, na Bi Najiat atapandishwa treni kwenda Dar kwa mwanawe mkubwa, kwenye ghorofa, akakae na watu asiowajua mpaka kifo chake. Hilo hakuna aliyelisema kwa sauti, lakini kila mtu mle ndani alikuwa analala nalo.

*

Sasa, usiulize simu ya Majidi ilipata wapi habari zile za uongo. Zilitoka nyumbani kwake mwenyewe.

Uani, karibu na jiwe la kutawadhia, palisimama bomba fupi la chuma, urefu wa kifua cha mtu, na juu yake kidude cheupe chenye vikombe vya kuzunguka na upepo, kipande cha sola, na faneli pana ya kupokea mvua. Ndani ya faneli mna kijiko kinachojaa na kupinduka, na kila kikipinduka kinahesabu. Kidude kilikuwa chini ya ulezi wa Zamda, mke wa Majidi, fundi cherehani. Mwalimu Advera, anayefundisha jiografia sekondari, ndiye aliyetafuta watu wa kujitolea akawapa vidude wavitunze majumbani: Zamda hapo Ng'ambo, Jignesh juu ya paa la duka lake mjini, Idrisa kule Kigwa kando ya reli, na wengine mpaka Bukene. Vipimo vya nyumba zote hukutana kwenye kompyuta, na kompyuta ikishavilinganisha inatoa utabiri wa mtaa kwa mtaa, siyo ule wa redioni unaosema "baadhi ya maeneo" kila mtu akabaki anajiuliza kama na yeye ni baadhi. Malipo hakuna. Zamda alikubali kwa ajili ya matofali, na kwa sababu nyingine ambayo hakumwambia mtu: alipenda kuulizwa jambo na watu wa mbali, na yeye akawa na jibu.

Jioni ile Majidi aliingia uani na vumbi lake lote, akasimama mbele ya kile kidude akakitazama kama anatazama mdaiwa sugu.

"Zamda, hebu niambie. Hii ni mashine ya kupimia mvua au ya kunipimia akili?"

"Baba Shamimu, karibu maji ya kunawa kwanza."

"Sinawi. Leo nimechekwa mpaka na watoto wanaochunga mbuzi. Eti nimeyavisha matofali baibui!"

Zamda aliuma mdomo. Kusema kweli ilikuwa inachekesha, ila si siku ile na si mbele ya mwenyewe.

"Mwalimu anasema kompyuta inafuata vipimo. Labda kuna..."

"Mwalimu hachekwi bondeni. Nachekwa mimi!" Akaketi kwenye kigoda na kuvua viatu kwa hasira, kimoja kikaenda upande wake. "Kesho asubuhi narudisha maturubai kwa Jignesh. Matofali yakae juani, yakauke kama ya wenzangu, Ijumaa baada ya sala nawasha tanuru. Na hiyo simu ikilia tena mvua, mvua, asiniite mtu."

Bi Najiat alitoka chumbani kwake, mtandio kichwani, birika la kutawadhia mkononi. Akamwangalia mwanawe, akamwangalia mkwewe.

"Mnagombana nini, na chakula kinapoa?"

"Hatugombani, mama," wakajibu wote wawili kwa pamoja.

"Haya," akasema, akaenda zake kwenye jiwe lake.

*

Kesho yake aibu ikahamia kwa Zamda, tena hadharani, kwenye kundi la simu la wapima mvua ambako kila mtu anasoma. Alikuwa kwenye cherehani anashona gauni la mtu, simu ikatetemeka.

"Dada Zamda, habari za asubuhi," ameandika Mwalimu Advera. "Kituo chako kinasema jana imenyesha mara tano. Watu wa Ng'ambo wananipigia wananiuliza mvua gani. Kompyuta inadhani hewa ya huko imejaa maji, na sasa inaharibu utabiri mpaka wa majirani. Nakizima kwa leo. Jumamosi nitapita kukichukua, yupo anayekisubiri. Samahani dada yangu."

Zamda aliisoma mara mbili. Masikio yalimpata moto. Yeye ambaye kila asubuhi anakifuta kile kidude vumbi kwa kitambaa safi, yeye ambaye amewakataza hata kuku kukikaribia, leo ananyang'anywa mbele ya watu kama mwizi wa sukari ya harusini! Kabla hajajibu, Idrisa wa Kigwa akaingia kundini.

"Mwalimu subiri kidogo. Nimeiangalia hiyo mvua ya Ng'ambo. Inanyesha alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha. Wallahi hii mvua imesilimu!"

Watu wakamwaga vicheko. Jignesh naye, ambaye hakosi neno, akaongeza: "Na haijakosa kipindi hata kimoja. Inawashinda wengi ninaowajua."

Zamda alitaka kucheka, alitaka kulia, mwisho hakufanya hata kimoja. Aliweka gauni chini. Alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, isha. Akageuza shingo polepole kutazama uani, pale lilipo jiwe la kutawadhia.

Adhana ya adhuhuri ilipolia alikuwa ameshasogeza kigoda chake nyuma ya pazia la mlango. Bi Najiat alitoka, akaketi juu ya jiwe, akatawadha kwa utulivu wake wa siku zote: mikono, mdomo, uso, kila kitu kwa zamu yake bila haraka. Alipomaliza kuosha miguu, akalitikisa birika kusikia kama kimebaki kitu. Kilibaki. Akasimama, akachungulia huku na huku kama mtu anayetaka kuiba, akaisogelea mashine, akamimina maji yote yaliyobaki ndani ya faneli, taratibu, hadi tone la mwisho.

"Kunyweni, viumbe wa Mungu," akanong'ona. "Kunyweni, joto ni kali. Na thawabu zake, ewe Mola, zimfikie mzee Shomari huko aliko."

Mzee Shomari alikuwa mumewe, amefariki muda mrefu.

Zamda aliziba mdomo kwa kanga. Ndege! Mama wa watu aliona chombo cheupe, kipana, kimewekwa juu ya nguzo mahali pa wazi, na tetere wakitua juu yake kupumzika. Angejuaje kama si chombo cha kunyweshea ndege? Nani mwingine anayeweka bakuli juu ya bomba? Na kwa kuwa sadaka nzuri ni ile isiyotangazwa, hakumwambia mtu. Kila swala, mabaki ya birika. Kila swala, mvua kubwa Ng'ambo.

Alicheka kimya kimya mpaka machozi, na machozi yalipokuja hayakuondoka na kicheko. Maana sasa alikuwa na jibu, na jibu lenyewe hakuwa na mahali pa kulipeleka. Ampe Majidi? Majidi na hasira zile atamfokea mama yake, kisha atajuta, na mama atajifungia chumbani asile siku nzima. Aliandike kwenye kundi? Mtu mzima wa heshima zake ageuzwe kichekesho kutoka Kigwa hadi Bukene? Amwambie mwenyewe, mama, ile sadaka yako ndiyo inayotukosesha nyumba? Zamda aliolewa mle ndani akiwa msichana. Alipojifungua Shamimu kwa taabu, Bi Najiat ndiye aliyemwogesha na kumlisha uji kwa kijiko. Hapana, kwa kweli. Hilo hakuliweza.

Akavaa baibui akaenda sokoni, akarudi na sinia la udongo. Aliling'oa lile bomba kwa mikono yake, akalisimamisha upande wa pili wa ua karibu na ukuta wa jikoni, juu ya mapipa mawili ambako mkono wa mtu mfupi haufiki. Pale lilipokuwa, akaweka sinia juu ya tofali, akalijaza maji.

Bi Najiat alitoka kwa swala ya alasiri, akasimama.

"Hicho nacho ni nini?"

"Cha ndege, mama. Naona wanapata shida na joto hili."

"Na kile cha mwanzo?"

"Mwalimu amesema kikae juu zaidi, kipate upepo."

Bi Najiat alimtazama mkwewe. Akatawadha. Mabaki ya birika akayamimina kwenye sinia, safari hii bila kuchungulia nyuma. Lakini hakuondoka mara moja. Alibaki ameinama akiyatazama yale maji, yametulia tu ndani ya sinia, hayaendi popote, wakati kule kwenye kile cheupe yalikuwa yakiisha kabla hajanyanyua birika. Akarudi ndani polepole.

Zamda aliandika kwenye kundi: "Mwalimu, kosa ni langu. Nilikuwa namwagilia maua maji yakawa yanaingia kwenye faneli. Nimekihamisha. Naomba msamaha kwa wote, na naomba usikichukue."

Kisha Jignesh, bila shaka: "Dada Zamda, maua yako yanaswali?"

Wakamcheka tena mpaka basi. Aliwaacha wacheke. Mwalimu Advera akaandika baadaye: "Sawa dada. Nakiwasha. Ila ikirudia, nakichukua kweli." Zamda akapumua, akaokota gauni la watu.

*

Alhamisi mchana Majidi alirudi kula, na kwa mara ya kwanza wiki ile alikuwa na uso wa kutazamika. Matofali yalikuwa yamekauka. Alikuwa ameyapanga yote kuwa tanuru, refu kumpita, vinywa vya kuni vimeachwa chini tayari, kilichobaki ni kulikandika udongo kwa nje na kuwasha kesho baada ya swala ya Ijumaa. Alikula ugali wake kwa sauti, akajinyoosha mkekani, akaweka mkono juu ya macho.

Simu ya Zamda ikatetemeka juu ya cherehani. Ilikuwa sauti ya Idrisa, na nyuma yake kelele kama treni inapita ndani ya nyumba.

"Jamani wa Tabora! Kigwa huku imeshuka kitu! Upepo umeng'oa bati za banda langu, mvua ya mawe, sioni hata reli! Inakuja huko kwenu! Inakuja haraka!"

Mwalimu Advera hakuchelewa. "Kituo cha Ng'ambo kinaonyesha mgandamizo wa hewa unashuka ghafla na upepo umegeuka. Mwenye kitu nje akitoe. Kabla ya alasiri itakuwa imefika."

Zamda alikimbilia nje. Juu ya Ng'ambo jua lilikuwa pale pale. Upande wa mashariki tu, nyuma ya mapaa, palikuwa na weusi kidogo, weusi wa kila siku wa mwezi wa kumi unaotisha watu kisha ukaondoka zake. Alirudi ndani mbio.

"Baba Shamimu! Amka! Mvua inakuja, imeshapiga Kigwa!"

Majidi hakuondoa mkono machoni. "Nimesemaje mimi?"

"Safari hii ni kweli."

"Siku zile tatu zote ilikuwa kweli. Zamda, mke wangu, naomba nilale."

"Siyo mashine peke yake. Idrisa amesema kwa mdomo wake, bati zake zimeng'oka!"

"Kigwa ni Kigwa. Mvua ngapi zinanyesha Kigwa hapa hatuoni tone? Niende tena kwa Jignesh kubembeleza maturubai, nipite nayo mbele ya Yoramu? Afadhali ninyeshewe!"

"Yakinyeshewa matofali je?"

Hapo Majidi aliketi. Macho yalikuwa mekundu ya uchovu. "Kwa nini leo niiamini? Nipe sababu moja. Mashine imenidanganya mchana kweupe, leo imetubu?"

Zamda alisimama katikati ya chumba. Sababu alikuwa nayo.

"Haikudanganya. Ni mimi. Nilikuwa namwagilia maua, nikawa naimwagia maji bila kujua. Nimeshaihamisha."

Majidi alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha ya kigeni. Kisha likamwingia.

"Wewe?" Sauti yake ilikuwa ndogo, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Yaani mimi nachekwa bondeni, na jua linapotea, matofali yanatoka jasho, kumbe ni wewe na maua yako? Maua gani, Zamda? Humu ndani mna ua gani? Unajua kesho tukikosa hii nyumba mama yangu anakwenda wapi? Unajua, au na hilo unamwagilia maji tu?"

Zamda machozi yalimtoka yenyewe, akayaacha.

"Muache mwenzio."

Bi Najiat alikuwa mlangoni. Hakuwa na mtandio, kitu ambacho hakijawahi kutokea mbele ya mwanawe mtu mzima, na kanga aliifunga vibaya kama mtu aliyetoka mbio.

"Humu ndani hamna ua," akasema. "Maji nilimwaga mimi."

"Mama..." Zamda akaanza.

"Nyamaza, mwanangu. Umenisitiri vya kutosha." Akamgeukia Majidi. Aliinua kidevu. "Nilidhani ni chombo cha ndege. Nikitawadha, maji yanayobaki nawapa ndege, nawaambia kunyweni, viumbe wa Mungu, kwa ajili ya marehemu baba yako. Nikiona yamekauka nasema, kumbe wana kiu hivi, kesho nitawaongezea. Nilikuwa nawaongezea, Majidi! Tangu mkeo aweke lile sinia na maji yakakaa, nikajua nimefanya jambo, ila sikujua jambo gani. Sasa nimelijua. Ilikuwa siri yangu na Mola wangu na leo nimeitoa, basi isiwe nimeitoa bure. Mashine ya mkeo haina uongo. Mwongo ni birika langu. Simama ukafunike matofali yako!"

Majidi akamtazama mama yake na kichwa chake cheupe kisicho na mtandio, akamtazama mkewe anayejifuta kwa kiganja. Uso wake ulipitiwa na hasira, ukapitiwa na aibu, na pembeni mwa mdomo kukawa na kitu kingine ambacho hakukipa nafasi.

"Kunyweni, viumbe wa Mungu," akasema chini chini, akavaa viatu.

*

Walipofika dukani kwa Jignesh, Majidi na Zamda wakihema, walimkuta Jignesh mwenyewe nje, ameshapakia maturubai kwenye guta la magurudumu matatu na anamfokea mwendesha guta afunge kamba.

"Ningewapigia simu nikaona mtakuja tu," akasema. "Nimeisikia Kigwa. Chukueni yote."

"Jignesh, kukodi safari hii..." Majidi akaanza, na ilimgharimu kuanza.

"Bwana we, wingu halisubiri tuelewane. Utanirudishia makavu." Akamgeukia Zamda, akashusha macho kidogo. "Dada, yale ya maua nilitania tu."

"Nitakutania na mimi siku yako," Zamda akasema, na guta likaondoka.

Bondeni upepo uliwakuta kabla hawajashusha turubai la kwanza. Ulikuja na vumbi jekundu, na nyuma ya vumbi mbingu ya mashariki yote ilikuwa imegeuka rangi ya masizi ya sufuria. Majidi alipanda juu ya tanuru. Zamda akamrushia pembe moja, upepo ukamnyang'anya, akairusha tena. Turubai lilitaka kuruka nao wote wawili. Ndipo mtu akalidaka upande wa pili kwa mikono miwili akalivuta chini kwa uzito wake wote.

"Shika baibui hilo vizuri, shemeji!" alipiga kelele Yoramu. "Likivuka barabara mimi silifuati!"

Na wengine wakaja, wale wale waliocheka, mmoja na mawe, mwingine na magogo ya kukandamizia. Walifunga kamba ya mwisho tone la kwanza likimpiga Majidi shavuni, tone zito, la baridi. Kisha ikashuka yote kwa pamoja. Walijibanza upande wa tanuru usiopigwa na upepo, mabega yakigusana, Zamda katikati ya mumewe na Yoramu, maji yakipita miguuni mwao rangi ya chai ya maziwa. Hakuna aliyeweza kuongea. Zamda aliona tu midomo ya Majidi ikitembea, akajua anaomba.

Ilipokatika, ilikatika ghafla kama ilivyoanza. Majidi alitangulia kuchomoa jiwe, akainua pembe ya turubai, akaingiza mkono hadi begani. Akautoa, akautazama mkono, akaupangusa kifuani mwake mara mbili. Ulikuwa mkavu, una vumbi.

"Zamda," akasema, akauvuta mkono wake akauingiza nao chini ya turubai.

Pembe moja ya chini ilikuwa imelowa na matofali machache yameyeyuka. Mengine yote yalikuwa yamesimama. Zamda aliketi kwenye tope na baibui lake zuri, akacheka, akalia, akacheka tena, na Yoramu akasema huyu mama sasa ndiyo wa kufunikwa turubai.

*

Nyumbani walimkuta Bi Najiat uani, mtandio kichwani kama kawaida, akifagia majani yaliyoangushwa na upepo. Alimtazama mwanawe usoni, akaona, akaendelea kufagia, ila ufagio ulikuwa unapita mahali pale pale.

"Mama," Majidi akasema, "chumba chako nitakitolea dirisha upande gani?"

"Upande wa uani," akajibu bila kuinua kichwa. "Nione mnachokimwagilia."

Majidi akaangua kicheko, na Zamda naye, na mwisho Bi Najiat mwenyewe, akiwa ameshikilia ufagio asianguke. Simu ya Zamda ilikuwa imejaa ujumbe. Mwalimu Advera ameandika kwamba kituo cha Ng'ambo na cha mjini vimekubaliana, kwamba mafundi wa bondeni wamempigia kumshukuru, na kwamba Jumamosi atapita, lakini kunywa chai tu. Chini yake Idrisa ameuliza: "Dada Zamda, hii ya leo ni mvua au ni maua?"

"Mvua," akaandika Zamda. "Bati zako vipi, kaka Idrisa?"

"Jirani ananigongelea mpya. Nawasikia mnavyopumua huko."

Adhana ya magharibi ikalia. Bi Najiat alichukua birika lake, akaketi juu ya jiwe lililooshwa na mvua, akatawadha kwa zamu zake, mkono, mdomo, uso, bila haraka. Alipomaliza akatikisa birika. Kilibaki kitu. Akasimama, akalisogelea sinia, akakuta limejaa hadi linafurika ukingoni, na tetere wawili waliolowa wanakunywa humo bila kumwogopa.

Akabaki amesimama na maji yake mkononi.

"Leo kawanywesha Mwenyewe," akasema kwa sauti, wote wasikie, akayamimina yaliyobaki miguuni pake, akaingia ndani kuswali.